Kengele ya Kapita

Toronto, tarehe 19 Mei 2024

Mwanangu Armel,

Nakusalimu sana. Sisi huku tuko wazima, ila goti langu la kushoto, na hilo unalijua, linazeeka peke yake, mimi mwenyewe bado. Wewe je? Kile kifua kilipona? Wanakupa chakula cha kushika tumbo au bado ni ile mikate?

Dada yako Godelive alitaka niseme halafu yeye aandike. Nimekataa. Mimi nilisoma mpaka mwaka wa tatu tu, lakini nitafutie mzee mwingine hapa barabara ya Jane anayeandikia mtoto wake gerezani kwa mkono wake mwenyewe. Hayuko. Basi soma polepole, mkono huu ulishika mkuki kabla ya kalamu.

Mbwa wako Kapita mzima. Anakula kuliko mimi. Lakini ulimharibu, Armel. Juzi Godelive amewasha mashine ya kufagia, mbwa mkubwa hivyo akaingia chini ya kitanda changu akatetemeka mpaka kitanda kikatetemeka. Nikamwambia, wewe, kapita ni msimamizi wa kazi, aliyekupa hilo jina alikuwa amelewa. Usikasirike, nacheka tu.

Sasa sikia. Wababa wa kanisa wanaenda kulala kwenye mahema huko kaskazini mwezi wa saba, penye msitu na ziwa. Déogratias wa kwaya atatupeleka na motokari yake. Nitaenda na Kapita. Wanasema huko kuna dubu. Nimeonyeshwa picha. Ni nguruwe aliyevaa koti. Mimi nilisimama mbele ya nyati huko kwetu kwenye milima ya Itombwe, mbwa wangu watatu pembeni, watu wote wamepanda miti. Uliza yeyote wa Fizi aliye bado hai.

Ni mimi Papa yako.


Tarehe 2 Juni 2024

Papa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na dawa unakunywa, usimdanganye Godelive kwamba umekunywa. Mimi kifua kimepona. Usingizi ndio bado.

Papa, nakuomba, usimpeleke Kapita huko. Na ukimpeleka, usimfungue kamba. Si mbwa wa kuwinda. Amekulia kwenye ghorofa ya tisa. Akiona sungura kwenye bustani anajificha nyuma ya miguu yangu.

Nitakwambia jambo, na usiniulize tena ukishalisoma. Unajua kilichotokea mwezi wa pili, nilipotaka kujitoa uhai, wakanitoa selini wakanipeleka kwa daktari. Yule daktari aliniuliza, huko nje nani anakungojea? Sikukutaja wewe, unisamehe. Nilisema Kapita. Nilimwambia nikitoka mwezi wa kumi nitafungua mlango na yeye atanirukia, na hajui kama nilikunywa pombe nikamgonga mtu, hajui kitu. Tangu siku ile, wakizima taa, nafungua ule mlango kichwani mwangu. Ndiyo ninachoshikilia. Nitunzie yeye mpaka mwezi wa kumi, basi.

Mwanao Armel.


Toronto, tarehe 16 Juni 2024

Armel,

Salamu. Mimi mzima. Goti zima. Dawa nakunywa.

Barua yako nimeisoma mara tatu kwa sababu herufi zako ni ndogo kama siafu. Kwa hiyo anayekungojea ni mbwa. Mimi niliyekubeba mgongoni kutoka Fizi mpaka kambi ya wakimbizi, mimi ninayepika maharage ya kila Jumapili nikiweka sahani yako, sikungojei. Sawa. Nimesikia.

Lakini mtoto hamfundishi babake mambo ya mbwa. Nimeshamchongea kengele. Nilipata kipande cha mti nyuma ya jengo, mti wao huu unaotoa maji ya sukari, mgumu vizuri. Kwetu mbwa hawabweki, ndiyo maana tuliwavalisha kengele ya mti shingoni. Unaijaza majani isilie njiani. Ukifika msituni unatoa majani, mbwa anatangulia, wewe unasikiliza. Kengele inakwambia yote. Inaenda, inazunguka, na ikikurudia mbio ujue mbwa anakuletea mnyama, shika mkuki.

Nitakurudishia mbwa mwanaume. Ukifungua huo mlango wako utamkuta mwindaji.

Ni mimi Papa yako, anayekungojea pia.


Tarehe 27 Juni 2024

Papa,

Shikamoo. Nimekukosea kwa yale niliyoandika, najua. Nipige ukitaka nikitoka. Lakini Kapita mwachie Godelive siku hizo. Nimemwandikia na yeye. Huko mbwa hutembea na kamba, ni sheria ya msitu, hata Déogratias anaijua. Nakupigia magoti, Papa, na mimi sijawahi kukupigia magoti.

Armel.


Tarehe 4 Agosti 2024

Papa,

Shikamoo. Mwezi wa saba umepita na sijapata hata mstari mmoja. Mnaendeleaje? Goti? Godelive kwenye simu anasema uko sawa, halafu anasema dakika zimekwisha, na dakika zilikuwa bado. Nikimuuliza Kapita anasema muulize Papa.

Nakuuliza basi. Kapita anaendeleaje?

Mwanao Armel.


Toronto, tarehe 11 Agosti 2024

Mwanangu Armel,

Nakusalimu. Sisi wazima. Joto ni kali. Kapita mzima, anakula, analala. Huko kaskazini tulienda tukarudi. Mvua kidogo. Usiwe na wasiwasi.

Papa yako.


Tarehe 18 Agosti 2024

Papa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata. Nimeisoma, nikaigeuza nyuma kuona kama kuna maneno mengine.

Papa, hujajisifu. Barua nzima hujajisifu hata mahali pamoja. Umeenda msituni kwa mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani, penye dubu, na unaniandikia mvua kidogo. Tangu nizaliwe sijasikia ukirudi dukani kununua chumvi bila kuwashinda watu wawili njiani.

Niambie.

Armel.


Toronto, tarehe 1 Septemba 2024

Mwanangu,

Sitakuuliza hali leo.

Ilikuwa asubuhi. Wenzangu walishuka ziwani kuosha vyombo, Déogratias na wengine. Mke wa Déogratias alitupakia makayabu, na harufu ya samaki yule wa chumvi ilikuwa imeshika hema lote. Mlinzi wa msitu alipita jana yake akasema chakula kikae ndani ya motokari na mbwa akae kwenye kamba. Alisema kwa adabu. Mimi nilisema yes, yes.

Walipotoweka nilimvalisha Kapita kengele. Nilitoa majani. Nilimfungua kamba nikamwambia, nenda. Hakutaka. Aliniangalia. Nilimsukuma, Armel. Nilimsukuma kwa mguu, ndipo akaingia.

Kengele ilienda vizuri. Nilifumba macho nikasikia kwetu. Miaka yote hii hapa sijasikia kitu kikaniingia hivyo. Nilicheka peke yangu. Halafu ikasimama. Halafu ikabadilika, ikawa inarudi mbio, na mimi najua maana yake, nilikuandikia mwenyewe.

Alitoka kwenye miti anakuja kwangu moja kwa moja. Nyuma yake yuko huyo mnyama, mweusi. Si nguruwe, Armel. Anakimbia kama maji yanayomwagika.

Motokari ilikuwa nyuma yangu, mlango wazi. Niliingia. Nikafunga.

Kapita alifika mlangoni. Alisimama kwa miguu ya nyuma akaukwaruza, akaniangalia kwa kioo. Dubu alikuwa bado upande ule wa meza tuliyolia chakula. Nafasi ilikuwepo. Nafasi ya kufungua na kumvuta ilikuwepo, nimeipima kichwani kila siku tangu siku ile, na kila siku inatosha. Mkono wangu ulikuwa juu ya kile chuma cha kufungulia. Haukuvuta.

Akazunguka motokari, dubu nyuma yake, mara moja, halafu wakashuka kwenye miti upande wa pili. Nikasikia kengele mpaka nisiisikie. Sikusikia mlio mwingine.

Tulimtafuta siku mbili. Mlinzi alikuja, Déogratias akanitafsiria. Alisema mbwa aliyefungwa kamba, dubu anampisha. Aliyeachiwa humchokoza dubu, halafu hukimbilia kwa bwana wake, na dubu nyuma yake. Déogratias aliona haya kunitafsiria hivyo. Nikamwambia hata kwetu ni hivyo. Mbwa humleta mnyama kwa mwindaji, ndiyo kazi yake. Kapita aliifanya kazi bila kufundishwa. Alimleta mpaka nilipo. Mwindaji ndiye hakuwepo.

Alama za kucha ziko kwenye mlango wa motokari. Déogratias hajapaka rangi. Nikienda naye kanisani nakaa upande wa pili.

Papa yako.


Toronto, tarehe 15 Septemba 2024

Armel,

Nakusalimu. Najua umepata ile barua, Godelive ameambiwa uliipata. Humpigii simu tena. Nitukane basi. Andika matusi, nitayasoma yote, hata kwa herufi ndogo.

Nimerudi huko na Déogratias Jumamosi. Niliita njia nzima. Sauti yangu imekwisha, lakini nitarudi.

Papa yako.


Tarehe 22 Septemba 2024

Papa,

Shikamoo. Sina matusi.

Nieleze mahali penyewe. Lile hema lilikuwa wapi, na kengele uliisikia mwisho upande gani.

Armel.


Toronto, tarehe 29 Septemba 2024

Mwanangu mpenzi Armel,

Nakusalimu, nakusalimu tena. Umeniandikia! Nimemsomea Godelive, nimemsomea na Déogratias kwenye simu. Una akili, unataka kujua kama nilitafuta vizuri. Nitakueleza, na hakuna wa kukueleza kama mimi, kwa sababu msitu nikiupita mara moja unabaki kichwani.

Ukitoka kwenye mji mdogo wenye kituo cha basi na kanisa la paa jekundu, unafuata barabara ya changarawe mpaka kibanda cha mlinzi. Mahali petu ni pa mwisho kabisa, penye jiwe kubwa kama ng'ombe aliyelala. Simama ukilipa jiwe mgongo, ziwa liwe mkono wa kulia. Mbele yako kuna miti mitatu imeanguka pamoja. Kengele ilipita hapo, ikashuka bonde, ikavuka kijito, maana ilinyamaza kidogo kama shingo imeinama, ikapanda upande wa pili. Huko juu ndipo niliisikia mwisho. Goti hili limenizuia kijitoni. Mtu mwenye miguu angevuka.

Nimekuchorea. Mishale ni kengele. Msalaba ni mwisho.

Ukitoka, Godelive atapika ugali na sombe ya majani ya muhogo. Mimi nitakuwa nimesimama mlangoni. Najua si mimi uliyemtaka hapo. Nitasimama tu.

Ni mimi Papa yako, ambaye bado hajasahau njia ya msitu.


Tarehe 26 Oktoba 2024

Papa,

Shikamoo. Nimetoka Jumanne. Sikupitia nyumbani, msinikasirikie, nyote wawili. Nisingeweza kuufungua ule mlango.

Nimeshuka kwenye mji wenye kanisa la paa jekundu. Ramani yako ni nzuri, Papa, hata mwanamke wa dukani amesema aliyechora anaijua kazi yake. Nimenunua hema dogo na kamba mpya. Theluji ya kwanza imeanza. Wanasema mbwa hawezi kuwa hai mpaka sasa. Nimewaambia ana kengele, nitasikiliza.

Kesho naingia.

Armel.


Toronto, tarehe 24 Novemba 2024

Mwanangu Armel,

Nakusalimu popote ulipo. Sijui barua hii niielekeze wapi. Godelive amenipeleka mpaka kwenye kibanda cha mlinzi, na tukirudi huko nitamwachia yeye. Ni yule yule. Amenitambua. Ameangalia chini.

Anasema walikuta hema lako penye jiwe, limefungwa vizuri, chakula kimetundikwa juu kama inavyotakiwa. Kamba haikuwemo. Walifuata nyayo zako mpaka kijitoni, ukavuka, halafu theluji ikafunika. Walitafuta na ndege, walitafuta na mbwa wao, mbwa wa kazi, wenye kamba. Sasa wamesimamisha kutafuta mpaka barafu iyeyuke. Godelive alilia mbele yao. Mimi nilimwambia mlinzi nioneshe hizo nyayo, mimi nilisoma nyayo huko Itombwe tangu sina ndevu. Akanipeleka. Nikasimama hapo. Ni peupe, Armel. Hakuna kitu cha kusoma.

Nilikuchorea mimi. Niliifurahia ile ramani. Nilitia mishale.

Kama uko huko na unaisikia kengele, usiifuate. Niliichonga mimi, ni mti tu. Rudi.

Mlango wa nyumbani siufungi tena. Mchana siufungi, usiku siufungi. Mwenye nyumba amekuja kunigombeza, jirani amelalamika, Godelive akitoka kazini anaufunga na mimi naamka naufungua. Anasema, Papa, baridi itakuua. Namwambia acha iingie. Nimeweka kiti hapo. Mkono wangu uko kwenye chuma cha kufungulia, unakivuta, mlango uko wazi.

Ni mimi Papa yako.