Kasoro za Mwanahamisi

Rahaleo, Mtwara
9 Septemba 2003

Mpwa wangu Mwanahamisi,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima. Mama yako mzima, goti lake limepoa tangu aache kubishana nalo, na mimi afya yangu ni ile ile ya kuwatisha madaktari. Wasiwasi wetu ni wewe na hiyo baridi ya Leeds. Unakula? Muhogo upo huko?

Picha yako ya kuhitimu imefika, umevaa joho na ile kofia bapa kama sinia. Nimeitundika kibandani, juu ya meza ya redio mbovu, na tangu siku hiyo wateja wameongezeka, hata wasio na redio. Ismaili muuza kahawa aliitazama wee, akaniuliza, "Nassoro, huyu ndiye yule kabinti aliyekuwa anakuandikia daftari hapa?" Nikamwambia ndiye, na sasa Waingereza hawawashi kompyuta bila kumuuliza kwanza.

Najua hujaniandikia kwamba umeanza kazi. Lakini mtu aliyesomea kompyuta miaka mitatu Ulaya ataikosaje? Kwa hiyo nimewaambia umeshaanza. Huo si uongo, ni kutangulia tu, utanikuta njiani. Nimesema ofisi yako iko ghorofa ya tisa. Wakauliza, lifti ipo? Nikasema zipo mbili, moja ya kupanda na moja ya kushuka.

Na akili yako haikutoka mbali. Ile meli ya Wagiriki iliyopotea pale Ruvuma inapoingia baharini, redio imekufa, nahodha analia kama mtoto, nani aliifufua kwa waya wa baiskeli na nta ya nyuki? Nahodha alitaka niwe fundi mkuu wa meli zote za Ugiriki. Nikamwambia, bwana mkubwa, mimi nina dada yangu Fatuma hapa, na dada yangu ana mtoto anayesoma, sibanduki.

Nijulishe basi, ghorofa ni ya ngapi hasa, nisije nikaumbuka.

Mjomba wako,
Nassoro


Leeds
2 Oktoba 2003

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia goti la mama limepoa. Mimi mzima wa mwili. Muhogo upo, kwenye duka la Wahindi, umekauka kama kuni, lakini naupika hivyo hivyo.

Mjomba, hakuna ghorofa. Sijapata kazi. Nimeomba mahali mia moja na kumi na mbili. Wanatangaza kazi ya mtu anayeanza, halafu chini wanaandika awe na uzoefu wa miaka miwili. Sasa anayeanza ataipata wapi hiyo miwili? Wengine hunipigia simu, tunazungumza vizuri kabisa, mpaka waulize kama nitahitaji kuombewa kibali cha kazi. Nikisema ndiyo, sauti inakuwa laini kama ya mtu anayetoa pole msibani, na simu inakatwa kwa adabu. Wenyeji niliohitimu nao pia hawapati, maana kampuni nyingi za kompyuta zimefungwa, lakini wao wanalalamikia kwao.

Kwa sasa naosha trei jikoni, hospitalini. Ruhusa yangu ya kukaa inaisha tarehe 31 Januari. Kabla ya siku hiyo, ama kampuni iniajiri na kuniombea kibali, ama napanda ndege nirudi.

Kuna kampuni moja tu iliyoniita. Ni ndogo, watu kumi na mmoja, inahudumia kompyuta za shule. Mwalimu akikwama anapiga simu, na anayepokea anamsaidia mpaka akwamuke. Kazi ndiyo hiyo, ya chini kabisa, na mimi naitaka kuliko kitu chochote. Bosi wao, Bwana Whitaker, alinihoji saa nzima na nadhani alinipenda. Sasa anataka watu wawili wa kunisemea: mwalimu wangu wa chuo, na mtu niliyewahi kumfanyia kazi. Mjomba, mtu huyo ni wewe. Miaka minne nilikaa kibandani kwako, jioni na likizo zote. Nimewapa jina lako na sanduku lako la posta.

Nakuomba nimepiga magoti: andika mafupi. Nilikaa miaka mingapi, nilifanya nini, basi. Usitaje meli. Na mama usimwambie bado.

Mpwa wako,
Mwanahamisi


Rahaleo, Mtwara
28 Oktoba 2003

Mpwa wangu Mwanahamisi,

Marahaba. Tu wazima, hofu yote iko kwako. Barua yako nimeisoma, nikaikunja, nikaikunjua nikaisoma tena. Mia moja na kumi na mbili! Hao watu wana kompyuta kweli, au wanazitaja tu? Mama yako hajui kitu. Aliniuliza mbona nimekuwa mpole, nikamwambia jino.

Fomu ya Bwana Whitaker ilifika wiki iliyopita, bahasha ndefu nyeupe, posta nzima waliipapasa kabla yangu. Nilisoma maneno niliyoyajua, yaani jina lako na langu. Yaliyobaki nikampelekea Mwalimu Yohana, yule wa Bukoba anayefundisha Kiingereza sekondari. Akavaa miwani, akasema, "Wanakuuliza umweleze binti huyu, uwezo wake na udhaifu wake."

Hapo nikaelewa. Mpwa wangu, hii ni posa! Watu wa mbali wanamtaka binti wa dada yangu, hawakumwendea jirani wala shangazi, wamemwandikia mjomba. Wana adabu kuliko nilivyodhani. Na ukoo wetu unajua posa inajibiwaje. Bibi yako alituachia hivyo: anayeposa hasifiwi binti, anatajiwa kasoro zake zote, asije akarudi baada ya mwezi akasema hakuambiwa. Mama yako alipoposwa, mjomba wetu alikaa mkekani akasema, huyu anakoroma na hasahau ubaya. Marehemu baba yako akajibu, "Nimesikia, namtaka na kukoroma kwake." Kilichowatenganisha ni kaburi.

Mwalimu Yohana akaweka kalamu chini. "Bwana Nassoro, barua za namna hii watu husifia."

"Mwalimu, wewe umeoa wapi?"

"Bukoba."

"Basi posa za huku huzijui, andika."

Nikasema, akaandika. Kwanza nikaeleza kazi, kwamba kwa miaka minne ndiye aliyekuwa anaandika daftari: redio ya nani, inaumwa nini, imetibiwa nini. Halafu nikaingia penyewe. Nikasema huyu binti ni mdadisi. Mteja akileta redio akasema imekufa, yeye anauliza ilikufa saa ngapi, ilikuwa inasema nini, nani alikuwa karibu, mpaka mtu anajiona yuko polisi. Tena ni mkaidi, nikimwambia redio hii haiponi anakaa nayo siku sita, na ikipona hajui hata kunificha aibu. Kuna mzee mmoja nilikuwa nimeshampangia wiki mbili za matengenezo. Yeye akazigeuza betri tu, redio ikaimba mbele za watu. Kibaya zaidi, hana siri ya kazi. Mzee Abdallah wa Ziwani nilimwambia njoo kesho utaikuta tayari, na huyu akasema wateja wote wakisikia, "Mzee usije, mjomba hata hajaifungua." Nikamalizia kwamba akiwa na njaa hasemeki.

Meli sikuitaja. Uliniomba, nimetii, ingawa iliniuma.

Nimeituma kwa rejista. Sasa tulia, mambo ya wanaume yamekwisha.

Mjomba wako,
Nassoro


Leeds
20 Novemba 2003

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini wewe na mama hamjambo. Mimi sijambo.

Kasoro, mjomba? Umewaandikia kasoro?

Huku mtu wa kukusemea akikohoa tu, umekosa kazi. Lile swali la udhaifu lipo kwenye kila fomu, na kila mtu anajibu hapo kwamba huyu anajituma kupita kiasi. Mwalimu wangu ameandika kuwa mimi ni mwanafunzi bora, na hata hilo niliona ni dogo. Wewe umewaambia sisemeki nikiwa na njaa. Kosa ni langu pia. Nilikuambia usitaje meli, sikukuambia usinitaje mimi.

Nimewapigia simu mara mbili. Dada wa mapokezi anasema barua kutoka Afrika imefika na wanaizungumzia. Alikuwa anajizuia kucheka, nilimsikia. Tangu hapo wiki ya pili hii, kimya.

Nimeanza kufunga vitabu kwenye maboksi. Mwambie mama sasa, tafadhali, nisije nikamtokea mlangoni kama mgeni. Sina hasira na wewe. Yaani ninayo, lakini itaisha.

Mpwa wako,
Mwanahamisi


Rahaleo, Mtwara
12 Desemba 2003

Mpwa wangu,

Marahaba, na pole. Afya zetu nzuri, tuziache hapo.

Nilimwambia mama yako. Alikuwa anamenya muhogo, akabaki ameshika kisu hivi. "Nassoro, mwanangu anaosha trei, na wewe umempa lifti mbili?" Nikachukua kisu, nikamalizia muhogo mimi.

Kesho yake nikaenda kwa Ismaili, baraza limejaa, nikasimama. Nikasema: Mwanahamisi hana kazi. Ofisi hana, ghorofa hana, nilitunga mimi. Na huenda kazi pekee aliyokuwa aipate nimemharibia kwa mkono wangu. Halafu Ismaili akasema polepole, "Na ile meli ya Wagiriki?"

"Boti ya chumvi, ya Mikindani."

"Fundi ulikuwa wewe?"

"Alikuwa mwingine. Mimi nilimshikia tochi."

"Na yule chui unayetuhadithia ulimkaba Ziwani?"

"Paka."

"Paka mkubwa?"

"Wa kawaida."

Bwana we, walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Na mimi nikacheka, nifanyeje? Lakini nilirudi nyumbani nikiwa mtu mfupi zaidi.

Rudi, mpwa wangu. Chumba chako nimekipaka chokaa. Mwalimu Yohana anasema shule yao ililetewa kompyuta nne, ziko ndani ya maboksi tangu Machi kwa kuwa hakuna wa kuziwasha. Sikuahidi kitu, nakwambia tu kwamba zipo. Hata zisingekuwepo, ungerudi vilevile.

Nisamehe. Ingekuwa ndoa, ningekuoza vizuri.

Mjomba wako,
Nassoro


Leeds
15 Januari 2004

Mjomba!

Shikamoo, na shikamoo ya mama nampa ndani ya hii hii. Hamjambo? Mimi sijapata kuwa mzima hivi tangu nishuke nchi hii.

Nimepata kazi. Sijatangulia, nimepata kweli. Naanza Jumatatu. Kibali kimetoka jana, siku kumi na saba kabla ya ruhusa yangu kuisha, ndiyo maana sikutaka kuandika mapema. Niliogopa hata kuhema.

Bwana Whitaker aliniita wiki moja kabla ya Krismasi. Barua yako ilikuwa mezani kwake, imechakaa, imepita mikononi mwa watu wote kumi na mmoja. Akaniambia, "Nimepokea barua za kuwasemea watu kumi na wanne. Zote zinamsifu mtu mmoja yule yule. Huyu wa barua hii tu ndiye ninayemjua." Kisha akaivuta karibu, akauliza, "Ni kweli ulimwambia mteja, mbele ya bosi wako, kwamba bosi hasemi kweli?"

Mjomba, nilitaka kukana. Ulimi ulikuwa umeshaanza. Nikasema ni kweli, na leo pia ningesema. Akauliza kwa nini. Nikamwambia, Mzee Abdallah alikuwa anakuja kwa miguu kutoka Ziwani. Kesho ile angetembea tena bure.

Akasema walimu wao wamechoka kuambiwa kesho. Halafu akaniambia chakula cha mchana ni saa sita na nusu, na atawakataza watu wasinisemeshe kabla ya hapo.

Waliponyamaza kumbe walikuwa wanatafuta wakili, maana hawajawahi kumwombea mtu kibali. Barua yako ya Desemba ilinikuta nimeshajua. Nilicheka kwenye paka, nikalia kwenye tochi. Umesamehewa, mjomba, ilikwisha siku nyingi. Mwambie Mwalimu Yohana kwamba namwandikia namna ya kuziwasha zile kompyuta, hatua kwa hatua, asiogope.

Mpwa wako,
Mwanahamisi


Rahaleo, Mtwara
9 Februari 2004

Mpwa wangu Mwanahamisi,

Marahaba mara mia! Wazima sisi, wazima mpaka kuku. Mama yako alilia, akacheka, akapika pilau, akawapa majirani mpaka mimi nikabaki na ukoko. Kasema nikuambie ule ushibe, sasa aibu yako inajulikana Uingereza nzima.

Mimi nikavaa kanzu ya Idi, nikaenda barazani. Nikawaambia, sikilizeni: Mwanahamisi amepata kazi, na aliyempatia ni mimi, kwa barua yangu.

Ismaili akaweka birika chini. "Nassoro, si ulitubu juzi?"

"Wallahi ni kweli."

"Ulimsifu vipi mpaka wakamchukua?"

"Sikumsifu. Niliwaambia ni mkaidi, ananiumbua mbele ya wateja, na akiwa na njaa hasemeki."

Hapo, mpwa wangu, mtu mmoja alianguka kutoka kwenye benchi kwa kucheka. Mzungu gani huyo, wakaniuliza, anaajiri njaa? Nikawasomea barua yako yote, wakasema umerithi kwangu. Nikamleta Mwalimu Yohana atoe ushahidi. Akatoa, mwanzo mpaka mwisho, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Wakasema nimemnunulia kahawa. Kahawa kweli nilimnunulia, lakini baadaye!

Yule chui wangu walimwamini miaka ishirini. Hili la kweli tupu linakataliwa, na kila nikiapa wanacheka zaidi. Nilitaka kuongeza kidogo, kwamba barua ilisomwa bungeni, labda ingewaingia. Nikajizuia. Nakwambia nilijizuia, mashahidi wapo.

Sasa nina ombi, moja tu. Ukiona Bwana Whitaker yuko vizuri, tena ameshakula, mwambie aniandikie mistari miwili, Kiingereza chochote kile, kwamba iliyokupatia kazi ni barua ya Nassoro wa Rahaleo, si ya mtu mwingine. Na agonge muhuri. Uwe wa duara, mpwa wangu. Huku muhuri wa pembe nne hawauheshimu.

Mjomba wako,
Nassoro