Masele Hakufia Shambani

Bariadi Mjini,
Mkoa wa Simiyu.
Jumatatu, 9 Juni 2025.

Mpendwa mwanangu Josia,

Mwangaluka. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mkeo Nancy, na kwamba huko mliko mmeshavua yale makoti mazito. Sisi hatujambo. Pamba ya mwaka huu ni ya wastani, malambo bado yana maji, na shangazi yako Kwandu, dada yangu, ambaye ndiye sababu ya barua hii, anatembea bila fimbo na anasema bila breki.

Sanduku la vitabu limefika. Nakushukuru kwa kulisafirisha. Kwa vilivyomo, shukrani yangu ni ndogo. Mtu aliyefundisha historia na fasihi hadi kustaafu havikimbii vitabu, basi nimevisoma. Nimewaona wanazuoni wa historia ya Marekani wakisifiana katika tanbihi, huyu akimshukuru yule kwa kumshukuru. Nimewaona wahakiki wanaohitaji sura nzima kuthibitisha kwamba aliyelia alikuwa na huzuni. Ni vitabu vizito, sikatai. Kimoja nimeegeshea mlango wa stoo, na upepo hauusogezi tena.

Kisha nikafikia chako.

Umelinganisha nyimbo za watumwa waliolimishwa pamba Marekani na nyimbo za wakulima wa pamba wa kwetu. Jaladani ni wanawake wa kijijini kwetu Zagayu, shangazi yako akiwa mbele, wameshika vichwa wakilia kando ya rundo la udongo. Sura ya nne yote ni wimbo wake: "Lieni, mama zangu, Masele anatuacha shambani." Unatufundisha kwamba Masele alifia kwenye pamba ya shuruti, na kwamba wimbo ule ni maombolezo ya watu waliovunjwa.

Josia, ulilelewa wapi wewe?

Kwa kuwa umesahau, au umelipwa kusahau, nikukumbushe. Masele alikuwa kiongozi wa wacheza ngoma wa Wagalu. Sisi ni Wagika. Pande hizi mbili hushindana kwa ngoma na kwa kejeli tangu enzi za babu zetu. Siku moja zote mbili zilipoalikwa kupalilia shamba moja, Masele aliona anazidiwa, akatupa jembe na kulala chini, akidai ameumwa na nyoka na kwamba anakufa. Nyama ya kuwalisha wapaliliaji ilipoiva, maiti iliwahi kuliko wote. Shangazi yako akatunga wimbo palepale. Tangu hapo, kila kiangazi, wanawake wetu hurundika kaburi la uongo na kumlilia Masele kilio cha uongo, mpaka ufike ubeti wa pili: "Kunjeni mikeka, marehemu anauliza supu iko wapi."

Huo ubeti wa pili hukuusikia. Ulirekodi wa kwanza, ukapiga picha, ukala nyama ya shangazi yako, ukawahi basi la Mwanza.

Masele mwenyewe alikufa mzee, kitandani kwake, na hadi mwaka wake wa mwisho alikuwa akija kuufurahia wimbo huo na kudai mnofu wake. Lakini walioimba chini ya mjeledi huko Marekani walilia kweli. Umewakosea hata wao, kwa kuwalaza kaburi moja na mtu aliyekwepa palizi.

Ningeyacheka haya na kuyaacha, kama si Scola, mjukuu wa Masele. Nakala uliyoituma katika shule anakofundisha ameipeleka kwa afisa mtendaji, akitaka wimbo upigwe marufuku katika mashindano ya ngoma ya Julai kwa kuwa unamdhihaki mhanga. Afisa ameona jalada gumu na jina la chuo kikuu, akasema atatoa uamuzi mwisho wa mwezi. Wimbo huo ndio uliompa shangazi yako jina. Akinyimwa kiangazi hiki, umri wake haumwahidi kingine.

Jana niliwasomea ukoo sura yako ya nne, nikiigeuza Kisukuma. Walicheka kwa kurasa kadhaa, kisha Kwandu akaniinulia mkono nisiendelee.

"Huyu mtoto," akauliza, "nyama yangu aliila usingizini?"

Baba yako mkubwa Ng'washi akamtuliza: "Mwache, dada. Huko watu wanalipwa kwa kulia."

Scola, aliyekuja kusikiliza, akasimama bila haya. "Wazee wangu, kitabu kimeshasema. Babu yangu sasa ni shujaa."

"Wa supu," akajibu shangazi yako.

Basi sikia agizo la ukoo. Mwandikie afisa mtendaji kabla mwezi haujaisha, kwa jina lako na sahihi yako, kwamba ulisikia nusu ya wimbo na ukaandika kitabu kizima. Usimweleze kwamba tafsiri hutofautiana. Lugha hiyo waandikie wenzako wa kwenye tanbihi.

Ng'washi anakusalimu, pia Nyanjige na watoto wake, na majirani wa Zagayu ambao bado wanakutaja kwa wema.

Shangazi yako naye ametuma salamu, kwa namna yake. Ametunga wimbo mpya, na jina lililomo si la Masele. Ni msomi aliyefukiwa na vitabu vyake mwenyewe, na wanawake wa Zagayu wanamlilia. Kilio wameshaanza kukifanyia mazoezi. Ubeti wa pili hajautunga. Anasema huo unakungoja wewe: ufufuke, au wakuache humo.

Mungu akupe masikio kabla ya kalamu.

Ni mimi nikupendaye, hata leo,
Baba yako mdogo,
Mihayo