Paka wa Madam ni Wazima

Ikoma, nje ya geti la hifadhi
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Dada Ghati, shikamoo.

Kwa heshima na taadhima naomba habari hizi ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki wote walioko Nyamisangura, Nyangoto, Sirari na ng'ambo ya mpaka, popote pale walipo: paka wa Madam, yule anayeitwa Chipsi na yule anayeitwa Mayai, ni wazima wa afya. Chipsi anakula. Mayai anakula, anatapika kidogo, halafu anakula tena. Ratiba nyumbani kwa Madam inaendelea kama kawaida. Bwana ametoa, na safari hii hajatwaa chochote.

Najua hujacheka. Nimeandika hivyo kwa sababu nilikuwa sijui pa kuanzia, na wewe mwenyewe huwa unasema mdogo wako akikosa la kusema ndipo anaposema sana.

Mama anaendeleaje? Anakula sasa, au bado anasukuma sahani na kusema ameshiba kwa kuangalia? Ule mguu wake umepungua kuvimba? Na wewe presha yako? Usisimame jikoni kutwa nzima eti kwa sababu wageni hawajaisha. Wageni wa msiba hawaishi mpaka waone ugali umeisha.

Nakuandikia barua kwa sababu simu zangu hupokei. Simu ya Chacha inapokelewa, lakini kaka yetu anapokea ili apate nafasi ya kuikata. Juzi nilimpigia, akaitika vizuri kabisa.

"Ee, baba paka. Habari za wanao?"

Nikamwambia wazima.

"Wamekula?"

"Wamekula."

"Haya. Na sisi huku tumekula. Kwaheri."

Nikapiga tena. Ndipo akanipa ujumbe wako, na kwa sauti yake nilijua hutanii. Kwamba siku ya kuanua matanga niwe nimekaa pale panaponihusu, ubavuni kwake, mbele ya wazee. Nisipoonekana, mtahesabu kuwa mzee aliacha watoto wawili, wewe na yeye, na jina langu lisitajwe tena. Nikamuuliza, hayo ni maneno ya dada au ni yako? Akasema, "Ni ya dada. Ya kwangu ni mabaya zaidi."

Barua hii anakuletea dereva anayefuata mboga za kambi sokoni Tarime. Ni mtu mwema, mpe chai. Usimuulize habari zangu, maana atakueleza habari zake.

Dada, pale msibani watu wa kanisa walikuuliza mdogo wako anafanya kazi gani, nikakusikia unajibu, "Yuko kwenye utalii." Asante. Umenipandisha. Kazi yenyewe ni hii: Madam ni meneja wa kambi moja ya wageni huku, na nyumba yake iko upande huu wa geti. Mimi nafyeka majani, natazama tanki la maji, nafukuza ngedere, na jioni nafunga milango. Sasa yeye na mume wake wamekwenda likizo baharini, na paka hawapandi ndege. Siku ya kuondoka nilikuwa nimebeba sanduku lake kichwani, naye anaongea na rafiki yake kwenye simu: "Yaani inaniuma, watoto tumewaacha nyumbani peke yao." Nikageuka nyuma kuangalia kama kuna mwenzangu. Hakuna. Peke yao maana yake ni wao na mimi.

Chakula chao kinadondoka chenyewe kutoka kwenye mashine, vidonge vikavu mithili ya chakula cha kuku. Kazi yangu ni kuijaza, kubadilisha maji, na kuzoa uchafu wao kwenye beseni la mchanga, maana hawa hawaendi nje kama paka wenye akili. Na sebuleni kuna kamera yenye sauti. Madam akiwa huko ufukweni anawatazama, na akijisikia anawasemesha. Mara ya kwanza nilikuwa nimeinama nasugua sakafu, ukuta ukaniambia, "Mayai, mama anakupenda." Nilipiga kichwa kwenye meza. Siku hizi nikipita pale naipungia mkono, bila kujua ananiona au la.

Baba nilimweleza yote hayo kwa simu, alipokuwa bado na pumzi ya kucheka. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Mura, kijana wangu, mimi nilikufundisha ng'ombe, wewe umepanda cheo. Sasa hao unawakamua saa ngapi?" Nikasikia anawasimulia waliokuwa pale uani: kijana wake amepewa zizi la paka. Kila nilipopiga baada ya hapo aliuliza kama kuna aliyezaa.

Halafu Chacha akapiga, asubuhi. Nilikuwa nafyeka. Akasema, "Mzee amepumzika." Nikasema sawa. Akauliza, "Marwa, umesikia nilichosema?" Nikasema nimesikia, mzee amepumzika. Nikafyeka mpaka mwisho wa ule mstari kwa sababu ulikuwa umebaki kidogo. Nikaingia ndani nikabadilisha maji ya paka. Nikanawa, nikavaa lile shati jeusi, nikamwachia ufunguo Mama Mugesi, jirani yangu Mwikoma anayetuuzia maziwa. Nikamwambia awe anachungulia kama wanapumua. Madam sikumpigia. Nilijiambia nitampigia nikifika Mugumu, nikafika Mugumu nikajiambia nitampigia nikifika Tarime.

Yaliyofuata unayajua, ulikuwepo. Nilibeba jeneza upande wa miguu. Nilichimba, nilifukia. Nilishika mikono ya watu ambao siwakumbuki wakaniambia pole, nami nikawaambia asante, karibuni. Mwanamke mmoja alinikumbatia akalia begani mpaka shati likalowa, na mimi nilikuwa natazama kofia ya mpiga kinanda wa kwaya, nawaza kwamba imemkaa vibaya.

Tukarudi nyumbani kutoka makaburini. Vijana walikuwa wameshapanga magogo ya moto wa wanaume pale uani. Simu yangu ikaita, uliona jina la Madam, uliona nikienda nyuma ya jiko kuipokea. Nikarudi nikakukuta unapakua ugali.

"Dada, natakiwa nirudi leo hii. Paka wako peke yao."

"Nani?"

"Paka wa Madam."

"Marwa. Udongo wa baba yako bado una unyevu."

"Nitafukuzwa kazi, dada."

Ulichukua sahani yangu uliyokuwa umeshaipakua, ukampa mtu mwingine. Mama alikuwa amekaa mlangoni pa chumba chake, akaniuliza, "Unakwenda wapi, mwanangu?" Nikamwambia narudi sasa hivi. Hayo ndiyo maneno niliyomwambia mama: narudi sasa hivi. Chacha akanisindikiza mpaka barabarani bila kusema neno. Chacha, dada! Mtu ambaye hata usingizini anabishana.

Huku nimewakuta paka wamelala mmoja juu ya mwenzake. Wakafungua jicho, wakaona si jambo la maana, wakafunga. Nyumba ilikuwa inanuka. Nikazoa, nikapiga deki, nikarudi kwenye kufyeka. Mvua imenyesha huku, majani yanakua mpaka unayasikia. Nyumbu wachache wamevuka na kuja upande wetu, watu wa Ikoma wanapiga madebe kuwatoa kwenye mtama. Nakula vizuri. Nalala vizuri. Mama Mugesi ananiambia pole kila akinipimia maziwa, nami namwambia nimeshapoa, kama tunaongea habari za uji.

Nisalimie mama, mwambie shikamoo yangu nitampa kwa mikono. Msalimie baba mdogo, yule anayegombana na kila mtu kuhusu mahali pa kupanda migomba pale kaburini, mwambie nakubaliana naye, hata kama sijui anasema nini. Msalimie mke wa Chacha, kwa kumvumilia Chacha. Msalimie wifi yako, mke wangu. Najua mbele yenu ananitetea, na najua ananingoja tuwe wawili. Wasalimie mama wachungaji walioimba. Msalimie Chacha, ila mwambie baba paka ndiye anayemsalimu, ili apate cha kujibu.

Hapo nilikuwa nimemaliza, nimeshaandika na jina langu. Dereva akaja akasema gari lina pancha, anaziba. Nikakaa na bahasha mkononi. Nimelikata jina, dada, naendelea chini yake. Samahani kwa uchafu wa karatasi.

Paka hawakuwa peke yao.

Mama Mugesi hakuchungulia, aliingia. Aliwapa maziwa mazima yasiyotiwa maji, ndiyo maana Mayai anatapika. Akiwa kapiga magoti pale sebuleni, ukuta ukamuuliza, "Wewe ni nani?" Yeye hajawahi kuisikia ile kamera. Anavyonisimulia, alijua ni roho, lakini hata roho ina umri wake, akaamua aanze na adabu. Akasema, "Shikamoo." Ukuta ukasema, "Marahaba, Marwa yuko wapi?" Akajibu Marwa amefiwa na baba yake mzazi, yuko Tarime kuzika, na hawa watoto nimewapa maziwa, je, nikulishe na wewe? Madam ananiambia alilia na kucheka kwa pamoja, mume wake akadhani ameumwa na kitu baharini.

Ndiyo maana alipiga. Nyuma ya jiko pale hakunifokea. Aliniambia, "Marwa, pole sana. Kwa nini hukuniambia? Kaa huko mpaka msiba wenu uishe kabisa. Mama Mugesi nimeshakubaliana naye, paka wako mikononi mwake. Kaa na mama yako." Alirudia mara mbili. Nikasema asante Madam. Akakata.

Hilo ndilo lililotokea. Nilikuwa na ruhusa ya kukaa, na nikaja kukuambia paka wako peke yao.

Nitajaribu kukueleza, na ukiona haieleweki, hata mimi ndivyo ninavyoiona. Tangu Chacha aliponiambia, nilikuwa na paka wa kuwawaza. Njia nzima niliwawaza. Kanisani niliwawaza. Nilipochota udongo wa kumtupia baba nilikuwa nawaza kama maji yao yamekwisha, na sikuona ule udongo ulipoangukia. Niliwaambia watu, na nikajiambia, kwamba nimekauka kwa sababu nina wasiwasi wa kazi. Sasa Madam akaniondolea paka. Nikasimama nimeshika ukuta wa jiko, moshi unaniingia, nikasubiri kitakachokuja. Nilijua kitakuja sasa, hakuna kinachokizuia tena. Nikasubiri kama mtu anayesubiri kupiga chafya.

Hakikuja kitu, dada.

Nikawatazama ninyi. Wewe macho yamekuvimba huoni vizuri unapopakua. Chacha, jitu zima, kamasi mpaka kwenye kola. Mama anaongea na viatu vya baba vilivyokuwa mlangoni. Nikayaona yale magogo, nikajua wanaume wa ukoo watakaa pale, kila mmoja atamsema mzee, alivyomsaidia, alivyomchapa, na zamu yangu itafika. Watanitazama. Waone mtoto wa mwisho, aliyependwa mpaka wakubwa wakanuna, hana hata tone. Niliogopa hilo kuliko nilivyowahi kuogopa simba huku. Nikaona heri mseme nimewapenda paka kuliko baba, kuliko mnione ndani hamna kitu.

Stendi ya Tarime nilikula wali na maharage. Nikaongeza sahani. Nilisikia njaa tu, basi.

Mpaka leo sijalia. Si kwamba najizuia. Namkumbuka vizuri, hata kicheko chake nakisikia, lakini ni kama naangalia mvua inayonyesha kwa jirani.

Nitakuja kuanua matanga. Ruhusa sihitaji kuomba, ninayo. Nitakaa ubavuni kwa Chacha mbele ya wazee, hivi hivi nilivyo, na atakayetaka kunitazama anitazame. Mama nitamwambia mwenyewe. Chacha msomee, au muache aisome, ila asinipigie kwanza. Na nikifika usinibembeleze, dada, wala usimwambie mtu yeyote anibembeleze. Unifokee kama unavyojua, mbele za watu, halafu unipe shoka nikapasue kuni.

Mdogo wako,
Marwa