Uzi Mguuni mwa Kinyonga

Korogwe, 9 Januari 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Mkweo Mika anakusalimu, na mafua ya Glory yaliisha tulipofika tu Mombo na kukutana na joto. Kifua chako kinaendeleaje? Ule ukungu wa asubuhi si wa kutembea na shati peke yake, nilikuambia.

Asante kwa kututafutia nafasi hapo hotelini kwenu. Tangu Mama afariki sikuwahi kukuona ukicheka kama siku ile ya kuvuta kamba, wazazi na watoto mlipoangukiana kwenye nyasi. Glory bado anasimulia mbega waliokuwa wakiruka juu ya vyumba vyetu, na jinsi malori ya Mazinde yanavyoonekana kama siafu ukichungulia kutoka kileleni.

Ila anachosimulia zaidi ni kinyonga. Jana alisimama mbele ya darasa akasema, "Babu yangu anatembeza wageni msituni. Aliokoa kinyonga, na mtu mbaya aliyemfunga akafukuzwa." Wenzake wakampigia makofi.

Baba, yule Ramadhani wa bustanini yuko wapi siku hizi?

Mwanao,
Yusta


Hotelini, 20 Februari 2024

Mwanangu Yusta,

Onga mahundo, kama tunavyoamkiana kwa Kisambaa, ikiwa barua itakukuta asubuhi. Nawasalimu wote kwa jina la Bwana. Mimi ni mzima, kifua kimetulia.

Barua yako nimekaa nayo karibu wiki sita. Ulipopiga simu nikasema mtandao mbaya. Mtandao haukuwa mbaya. Naandika kwa sababu kwenye simu ningekata kabla ya kufika ninapotakiwa kufika.

Yule kinyonga nilimfunga mimi.

Ni miaka kumi na minane natembeza wageni, na kinyonga wa pembe mbili asipotaka kuonekana, haonekani. Watu wanatoka mbali na watoto wao, wanazunguka saa mbili nzima, wanarudi wamenuna. Mwaka juzi nikaanza kumtafuta mmoja jioni, namfunga mguu kwa uzi wa kushonea kwenye tawi la njiani, na wageni wakishapita namfungua. Nilijiambia haumii. Siku ile kulikuwa na yale mashindano ya watoto ya kuhesabu wanyama, nami nikataka mjukuu wangu ndiye amwone wa kwanza. Nikamwonyesha tawi kwa macho. Akakimbia, akapiga kelele kwa furaha, halafu akasema, "Babu, mbona ana uzi?"

Mguu ulikuwa umeshakuwa mweusi. Meneja akauliza, "Nani kafanya unyama huu?" Wageni wote wananitazama. Glory ananitazama. Nikasema, "Ramadhani alikuwa huku jana akifyeka."

Sikusema ni yeye. Nilisema alikuwa huku. Kwa maneno hayo nimejifariji hadi leo.

Wakamwita kutoka bustanini, panga bado mkononi. Ulimsikia mwenyewe: "Mzee Nikodemo, waambie. Wewe unanijua." Mimi nikatazama msitu. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameshafukuzwa. Kinyonga naye alikufa siku ya tatu.

Ramadhani amerudi kwao Lukozi. Nakuomba usimwambie Mika. Na mtoto usimwambie.

Baba yako


Korogwe, 28 Februari 2024

Baba,

Shikamoo. Tumeamka salama.

Sikushangaa. Nililijua lile fundo. Ndilo unalofungia nyanya kwenye vijiti tangu nikiwa mdogo, na nililiona kabla meneja hajauliza. Ramadhani alipopita mbele yetu na mfuko wake wa nguo, wageni wakapiga makofi, na mwanangu akapiga makofi. Mimi nilimshika tu mikono. Sikusema neno. Mika alikuwa karibu, wageni walikuwa karibu, nikaona afadhali aaibike mtu ambaye si wangu. Sentensi hiyo nimeiandika mara nne nikiichana karatasi. Mimi ni mwalimu, Baba. Kila wiki nawasimamisha watoto wa watu kwa uongo mdogo kuliko huo.

Kwa hiyo sikuandikii kama mtu msafi. Lakini ulivyosema "mtoto usimwambie", nilikasirika. Jana Glory kaniuliza kama yule mtu mbaya ana watoto. Nilijifanya nasahihisha madaftari.

Nenda Lukozi. Usitume mtu. Mika nimeshamwambia, sehemu yako na sehemu yangu. Alichukua ufagio akaenda kufagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiliwa.

Yusta


Lushoto, 26 Mei 2024

Mwanangu Yusta,

Salamu nyingi. Natumaini hamjambo nyote. Mimi mwili hauna tatizo.

Usidhani ni mvua iliyonichelewesha, ingawa barabara ilikatika kweli. Nilichelewa kwa woga. Mara mbili nilipanda bodaboda ya Lukozi nikashuka njiani, nikarudi kwa miguu.

Mwishowe nilianza na meneja. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia nivue koti la hoteli. Nikavua. Akaandika barua ya kumrudisha Ramadhani kazini, nami nikaomba niipeleke mwenyewe.

Nilimkuta mtoni anaosha karoti na mkewe Mosi na mabinti wao wawili. Aliponiona akasimama, akafuta mikono. "Shikamoo, mzee." Yusta, baada ya yote yale, alinipa shikamoo. Sikuweza kuitikia.

Nikamwambia yote. Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Mimi nilijua. Nani mwingine anajua wanapolala vinyonga? Sasa usiniambie mimi. Waambie hawa. Huyu mkubwa wenzake shuleni wanamwita binti wa mtesa wanyama. Nimemwapia sikufanya, na bado ananitazama kama mwongo."

Basi nikasimama kwenye matope, mzee wa miaka sitini na minne, nikasema mbele ya watoto: baba yenu hakufanya, nilifanya mimi, nikamsingizia. Yule mkubwa akauliza, "Kwa nini baba yangu?"

Nikasema, "Kwa sababu alikuwa karibu."

Alimgeukia baba yake, akamtazama usoni. Kisha akamchukulia beseni zito la karoti lililokuwa miguuni pake, akaenda nalo. Ramadhani akafunika uso kwa kiganja.

Ile barua ya meneja aliisoma, akanirudishia. "Kule nilipigiwa makofi, mzee. Sirudi." Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba aseme.

Jumamosi nashuka Korogwe kwa basi la asubuhi. Glory usimwambie lolote. Mwambie tu babu anakuja. Nataka ayasikie kwa mdomo wangu, yote, tangu uzi hadi Lukozi. Akikimbilia ndani, usimfuate na usimrudishe. Nitakaa uani nimngoje.

Baba yako,
Nikodemo