Mama Hasomeki

Mamangu mpenzi,

Nakuamkia shikamoo nikijua hakuna wa kuniitikia marahaba. Tangu tukuzike nimekuwa nikikusemesha moyoni kila nikiosha vyombo, lakini leo naandika, tena naandika mbele za watu, kwa sababu kuna neno nimelificha na limenichosha. Athmani akilisoma, na alisome. Ni kaka yangu, ana haki ya kulijua.

Nakukumbuka kwanza pale wadini kwa wagonjwa, na ufagio wako na ndoo ya dawa. Skuli zikifungwa ulinichukua kazini kwako, hospitali ya serikali, ukanikalisha kwenye ubao wa kando ya stoo tukakunja shashi za vidonda pamoja. Ulipapenda mahali pale kuliko nyumba yetu ya Kibokoni, na baba alikutania kwa hilo. Siku moja ulinionyesha mke wa mkubwa mmoja wa Kizingo na mama muuza mbaazi wa Makupa, vitanda vyao vimepakana, nesi mmoja akiwapimia dawa kutoka chupa moja. Ukaniinamia ukaniambia, "Hapa hapana mwenyewe. Hapa petu sote." Nilikuwa mdogo, nikaamini.

Figo zako ziliposhindwa, Athmani alitaka uende hospitali za watu binafsi. Kila Jumapili alikuja kutoka Ganjoni na hoja ile ile: serikali haiwezi kuuguza watu, ishughulike na barabara na polisi, matibabu kila mtu ajitafutie. Nawe ulimjibu bila kuacha kuchambua mchele, "Na asoweza kujitafutia, wataka afe?" Mimi nilikuwa upande wako. Ukajiandikisha bima mpya ya serikali, na kila Jumatatu na Alhamisi uliweka kidole juu ya kile kioo kidogo dirishani, mashine ikakutambua, ukaingia ndani kusafishwa damu. Ulirudi umechoka hoi, lakini ulirudi.

Kisha ikaja harusi ya mjukuu wako, Maryamu. Kazi yangu waijua: nusu ya maharusi wa mtaa huu mikono yao imepita kwangu. Wewe hukutaka. "Mie mgonjwa, urembo wa nini?" Nami nikakung'ang'ania. Nikasema bibi harusi atakuwa na nyanya mwenye vidole vitupu, watu watadhani yuko edani. Nikakutia hina ncha zote kumi, nikaichanganya na piko, ile rangi nyeusi, ikolee, izame. Ulivinyoosha vidole kwenye mwanga wa dirisha ukatabasamu. Nilifurahi mno siku ile, Mama, na furaha hiyo sasa siwezi kuikumbuka bila kuumwa.

Jumatatu mashine ilikataa. Karani, binti wa bara mwenye adabu zake, alijaribu kidole kimoja kimoja, akakufuta kwa pamba na spiriti, akajaribu tena. Mwisho akanigeukia mimi badala yako.

"Dada, mama hasomeki."

Wewe ukacheka. Msahafu uliusoma tangu utotoni, lakini herufi za kizungu zilikushinda, na hilo hukulionea haya. Ukamwambia, "Miaka yote mie ndiye nisojua kusoma. Leo nami sisomeki." Foleni nzima ilicheka. Karani akauliza ni nani aliyekupaka hina na hali anajua una kliniki. Nilifungua mdomo. Ukaniwahi.

"Nimejipaka mwenyewe."

Kulikuwa na fomu ya watu kama wewe, wasiosomeka vidole. Fomu ilipatikana, wa kuitia sahihi ndiye aliyekosekana, alikuwa kwenye semina. Karani alimpigia simu mbele yetu, ikalia weee mpaka ikakatika. Nesi mmoja uliyefanya naye kazi zamani alitoka ndani, akakushika mkono, akasema mashine ya damu iko tayari na kitanda chako ki wazi, lakini bila kusomwa jina lako halifunguki. Macho yake yalikuwa mekundu. Kupitia mlango tulikiona kile kitanda, shuka limetandikwa.

Nyumbani nikakusugua. Ndimu, chumvi, dawa ya meno, kisha lile jiwe la miguu. Nilisugua mpaka ngozi ikachubuka, nawe ukaniambia, "Sugua tu, mwanangu, siumii." Alhamisi tuliporudi dirishani rangi ilikuwa imefifia, lakini vidole havikuwa tena na alama za kusomwa. Mimi ndiye niliyezifuta. Mwenye sahihi alikuwa bado semina.

Ijumaa baada ya swala Athmani alikuja na gari. Miguu yako ilikuwa imevimba na maneno yalikutoka kwa vipande. "Twende, Mama," akakubembeleza. "Ukipata nafuu utarudi kwa hiyo serikali yako." Ukatikisa kichwa. "Nikenda huko, n'takuwa niliwadanganya watu maisha yangu yote. Sahihi itakuja Jumatatu." Athmani akanitazama nimsaidie. Nikasema tungoje Jumatatu.

Jumapili adhuhuri ulituacha.

Matangani Athmani alilia, kisha akasema neno baya ambalo najua si la moyo wake: "Mama kajiua kwa urembo." Nje barazani wanaume walikuwa wameshaanza. Huyu asema serikali ijitoe kwenye matibabu kabisa, yule asema ipewe nguvu zaidi, na kila mmoja akikutoa mfano wewe, uliyekuwa hupendi hata kutajwa. Niliwasikia kutoka ndani. Nikanyamaza, na tangu siku hiyo nimenyamaza.

Sasa nasema. Hakujipaka mwenyewe. Nilimpaka mimi, baada ya yeye kukataa, na uwongo wa dirishani aliusema kunisitiri. Athmani, nilaumu mimi.

Na hiyo hospitali yetu sote, Mama, sijui tena niseme nini. Nikitaka kukiri kwamba Athmani ndiye aliyekuwa na haki, namkumbuka yule muuza mbaazi: angekwenda wapi? Nikitaka kukuunga mkono wewe, nakiona kitanda kitupu, mashine nzima, nesi akilia, na wewe nje ya mlango. Ulikufa ukiamini. Mimi nimeitafuta imani hiyo kila pembe ya moyo, na siioni.

Wiki iliyopita niliambiwa nami ni mgonjwa, nina sukari. Sina mahali pengine pa kwenda, nikaenda kujiandikisha dirisha lile lile, kwa karani yule yule. Hakunikumbuka. Nikaweka vidole juu ya kioo. Wenzangu huwatia hina nikiwa nimevaa glavu, kwa hiyo vyangu ni vyeupe, havina hata doa. Mashine ilinisoma mara moja, vyote kumi.

"Uko sawa, dada," akaniambia.

Mungu akulaze pema, Mama. Niwie radhi, kama radhi hufika mpaka huko.

Ni mimi bintiyo niliyekupaka,
Zuhura