Kibao Kilichogoma

Lhotice, 3 Novemba 1996

Mwanangu Zdislava,

Natumaini u mzima na baridi ya Praha haijakuingia vidoleni. Mimi sijambo, ila goti. Shangazi yako Božena anakusalimu na bado analalamika kwamba hukumgusa yule bata bukini aliyekuchomea.

Ndiye aliyeniletea gazeti lenye safu yako. Nilisoma ulivyowachambua wachoraji wa yale maonyesho mapya, nikacheka peke yangu. Kisha nikafika ulipoandika juu ya onyesho lako hapa kwetu. Unasema uliacha kupiga katikati kwa sababu kibao kimoja cha piano kiligoma kurudi juu. Unasema piano ya ukumbi wa Lhotice imeachiwa fundi aliyechoka.

Zdislava, fundi huyo ni mimi. Watu walipoondoka niliifungua, nikabonyeza vibao vyote themanini na vinane. Hakuna kilichogoma. Wewe ulisahau muziki, mama. Nilikuwa nyuma ya pazia nikauona uso wako, na roho yangu iliniuma pamoja nawe. Kusahau si dhambi.

Ila Jumatatu Bwana Kubát, mkurugenzi wa ukumbi, aliniita, gazeti likiwa mezani, akaniomba nirudishe ufunguo wa ukumbi. Nimeitunza piano ile miaka thelathini na mmoja. Aliuomba kwa adabu sana, na ndiyo iliyonichoma.

Nakuomba kitu kimoja tu. Katika safu ijayo andika kwamba piano ya Lhotice ilikuwa nzima.

Baba yako

Praha, 24 Novemba 1996

Baba mpenzi,

Shikamoo. Goti lipake mafuta ya moto, acha ubishi. Mimi mzima, ila usingizi umenipa mgongo.

Nisamehe. Sikufikiri kama Kubát anasoma safu yangu, na jina lako sikulitaja. Nitampigia simu, usiwe na wasiwasi. Lakini kuandika siwezi kwa sasa. Ndiyo, nilisahau, nakwambia wewe peke yako. Januari narekodi santuri yangu ya kwanza baada ya miaka sita. Wenye santuri wakisikia kwamba mimi, Zapletalová, nasahau jukwaani, watamtafuta mwingine mwenye umri wa miaka ishirini. Unawajua watu hawa walivyo.

Juzi nilikwenda kuona filamu ya mpiga piano. Mwigizaji anayumbayumba na kufumba macho kama mwenye jino bovu, halafu kamera ikishuka unaona mikono ya mtu mwingine kabisa. Nilikaa hadi maandishi ya mwisho, mwenye mikono hakutajwa popote. Nilitoka nimewaka hasira. Nitawaandikia safu nzima, wataisoma.

Binti yako

Lhotice, 8 Desemba 1996

Zdislava,

Salamu. Goti ni lile lile.

Hasira yako juu ya mikono ya mtu usiyemjua nimeisoma gazetini. Imeandikwa vizuri, Božena alifuta machozi. Mimi sikuweza. Una macho makali kwa uongo wa filamu, wa vitabu, wa picha za ukutani. Wa kwako unauita tahadhari.

Kubát hajapigiwa simu, nilimuuliza. Amemleta fundi kutoka Brno. Nilikata tiketi nikaenda kusikiliza: sauti za juu zinakwaruza, na watu walipiga makofi. Mke wa daktari, ambaye piano yake nimeitengeneza tangu alipoolewa, amesema atasubiri kwanza. Mwalimu wa shule ya muziki naye anasubiri. Mwezi huu hajaniita mtu hata mmoja. Nikipita sokoni wananisalimu kwa huruma, kama mgonjwa.

Mimi sitaki huruma. Nataka waambiwe kwamba kazi yangu ilikuwa safi.

Baba

Praha, 23 Februari 1997

Baba yangu,

Shikamoo nyingi. Najua nimekaa kimya siku nyingi, na Krismasi sikuja. Nilikuwa nimejifungia na ile santuri. Imekwisha, na imetoka vizuri.

Sasa fungua gazeti nililoambatanisha. Nimekiri. Nimeandika jinsi nilivyosahau, jinsi vidole vilivyobaki hewani, jinsi nilivyodanganya kwa woga. Nililia nikiandika. Baba, zimekuja barua mia moja na arobaini. Wananiita jasiri. Mchapishaji mmoja anataka safu zangu zote ziwe kitabu, hii iwe ya kwanza. Siku ya uzinduzi utakaa mbele kabisa, na nguo nitakununulia mimi.

Sasa umeridhika?

Binti yako akupendaye

Lhotice, 9 Machi 1997

Zdislava,

Barua imefika, nashukuru kwa salamu.

Nilivaa koti la Jumapili nikampelekea Kubát gazeti lako. Alilisoma akiwa amesimama, akasema nina binti mwenye moyo mkubwa. Nikamuuliza habari ya ufunguo. Akashangaa.

"Mzee Zapletal," akaniambia, "hapa ameandika alisahau katika mji mmoja. Mji gani? Hapa kwetu kibao kiligoma, alisema mwenyewe."

Nilirudi nyumbani nikalisoma upya, neno kwa neno, Božena akinishikia taa. Kweli. Woga wako umo, machozi yako yamo, hata picha ya mwanamke dirishani uliyoiona kwenye maonyesho ya wale wachoraji imo. Lhotice haimo. Piano haimo. Ulipolaumu ulitaja mji na ukumbi. Ulipokiri ukasema mji mmoja.

Sidhani ulikusudia. Nadhani hukunikumbuka tu, na hilo ndilo siwezi kulimeza.

Vifaa vyangu nimemuuzia yule fundi wa Brno. Kwenye uzinduzi usiniwekee kiti.

Bohumír Zapletal
fundi wa piano, Lhotice