Kiti cha Verlin kimeshuka mtini

Renae uko? Verlin ananificha kitu. Naapa.

Nimempelekea kahawa msituni, Opal mgongoni, sote na makoti ya rangi ya chungwa, wawindaji wasije kutudhania kulungu. Unakijua kile kiti chake chepesi cha kuwindia, anachokifunga juu kabisa ya mti? Nimekikuta CHINI. Kimefungwa kwenye shina, usawa wa magoti, kimezungushiwa matawi, na yeye amekaa kama mfalme.

Verlin! Aliyewacheka kaka zako miaka yote, eti kuwinda ukiwa chini ni kazi ya wazee!

Nikamuuliza, "Baba Opal, vipi tena?"
"Kulungu siku hizi wanatazama juu, mke wangu."
Wanatazama juu! Tangu lini?

Halafu nikakumbuka. Wiki nzima analala na shati. Mtoto anampokea kwa mkono mmoja.

"Vua shati."
"Baridi hii?"
"Vua, Verlin."

Renae, mgongo mweusi kuanzia bega hadi kiuno. Alianguka toka mtini Jumamosi, akalala kwenye majani akimwita mama yake. Na ile mikanda ya usalama ya kujifungia mtini niliyomnunulia? Iko garini, bado kwenye mfuko wa dukani. "Nilikuwa napanda mara moja tu." Mara moja tu!

Kesho namkokota kliniki. Kuwinda sijamkataza, kiti chenyewe amekishusha vizuri. Ila mikanda nimeifuata garini, nikamfunga nayo kwenye mti palepale, miguu yake ikigusa ardhi.

"Sasa nitaangukia wapi?"
"Sijui. Kaa hivyo hivyo."

Amekaa. Hajafungua.